Swali la Kompyuta Kumi na Nne

Karavani la Torvald, gari lake la kulala safarini, lilikuwa limeshavuka daraja la mto, likielekea kaskazini na mwenyewe ndani akipiga mluzi, wakati tangazo kubwa likibandikwa kwenye milango yote ya manispaa ya Ekorrsele. Torvald alikuwa fundi wa kompyuta wa manispaa kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu siku hiyohiyo, na wanaomjua vizuri wanasema tarehe aliichagua baada ya kusoma rasimu ya tangazo.

Tangazo lilisema kwamba kuanzia Jumatatu Ekorrsele inahama kutoka toleo la zamani la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zake, kwenda toleo jipya, kwa hatua moja, kwa utulivu na kwa maridhiano ya wote. Zoezi lingeanzia ghorofa ya pili, kwenye kompyuta kumi na nne za wakuu wa idara, ili wananchi wauone uongozi ukitangulia. Kompyuta tisini za makarani wa ghorofa ya chini zingefuata baada ya tathmini. Sahihi: Krister Adelsköld, Mkurugenzi wa Utayari wa Kidijitali.

Kuifanya kazi yenyewe alibaki Gunvor Näslund, mama wa miaka hamsini na mitatu, aliyekuwa msaidizi wa Torvald. Torvald alipovuka daraja, Gunvor akawa kitengo kizima cha kompyuta: mkuu wa kitengo, naibu wake, na mbeba nyaya.

Alianza Jumatatu saa mbili asubuhi na mambo yakaenda vizuri hadi akapata wasiwasi. Ilipofika saa nne kasoro robo kompyuta zote kumi na nne zilisimama na kuuliza swali moja. Faili la mipangilio ya printa liliwahi kubadilishwa na mtu. Je, libaki la zamani, au liwekwe jipya? Chini yake kuna herufi mbili za kuchagua. Anayefanya kazi hii hukutana na swali hilo kama unavyokutana na jirani kwenye ngazi. Unaitikia huku unapita. Gunvor alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Subiri hapohapo," akasema Krister, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Ni kubaki na la zamani tu, mkuu. Sekunde moja."

"Swali kaulizwa nani?"

"Aliyekaa kwenye kiti, nadhani."

"Kompyuta ni ya manispaa, kwa hiyo iliyoulizwa swali ni manispaa. Wewe ni manispaa, dada Gunvor?"

Gunvor alikiri kwamba yeye si manispaa.

Isitoshe, sheria ya nchi inamtaka mwajiri azungumze na chama cha wafanyakazi kabla ya kufanya badiliko kubwa kazini. Gunvor alijaribu kusema kwamba hili ni dogo. Krister akamweleza kwa upole kwamba lingekuwa dogo, kompyuta isingeuliza. Na ili mtu asije akaegemea kitufe kwa bahati mbaya, kila kibodi ilifunikwa kwa mfuniko wa plastiki wa keki kutoka jikoni, ikazungushiwa selotepu, na juu ya selotepu Krister akatia sahihi.

Ikaundwa Kamati ya Swali. Wajumbe walikuwa wakuu wa idara wote kumi na wanne, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameulizwa. Ieleweke kwamba watu wa Ekorrsele hawapendi kupiga kura. Ukipiga kura kuna mtu atashindwa, na huyo aliyeshindwa mtakutana naye dukani. Kwa hiyo wanakaa, wanakunywa kahawa na mikate ya mdalasini, wanazunguka meza mtu mmojammoja, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna asiyeridhika. Wakinyamaza wote, jambo limepita. Mtu akikohoa, wanaanza upya.

Jumatatu waliridhiana kuhusu mikate. Jumanne walijadili kama neno "la zamani" haliwavunjii heshima watumishi wanaokaribia kustaafu. Börje Vallgren, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, alisema hana ugomvi na faili jipya lenyewe, ila wanachama wake wapewe nafasi ya kulizoea ndani ya saa za kazi. Alipoulizwa ni wanachama wangapi wanaolitumia, alijibu kwamba hilo ndilo chama kinalotaka kujua. Ikaandikwa kwenye muhtasari kama hatua kubwa mbele.

Jumatano Krister alimwita Gunvor ofisini na kufunga mlango. Alhamisi ya wiki inayofuata baraza la manispaa lingekutana. Kesho yake ilikuwa mkesha wa sikukuu ya kiangazi, siku ambayo nchi nzima hufunga milango, watu huenda kwenye vibanda vyao kula samaki wa siki na viazi vipya, na simu haipokelewi hadi Agosti. Krister alisema kama kufikia Alhamisi hiyo kompyuta za wakuu hazifanyi kazi, hatakuwa na njia ila kulishauri baraza likifunge kitengo cha kompyuta, na kazi wapewe washauri kutoka mji mkuu, watu wenye uwezo mpana.

"Na kile kitufe nibonyeze lini?" Gunvor akauliza.

"Baada ya maridhiano."

"Nayo yanakuja lini?"

"Maridhiano hayaburuzwi, dada. Yanakuja yakiwa tayari."

"Kwa hiyo nafukuzwa kwa kutofanya kitu ulichonikataza nisifanye."

"Usilichukue kibinafsi. Ni la kimuundo."

Gunvor akatoka. Kazi nyingine ya kompyuta ilikuwa kilomita mia na sitini kutoka pale, na yeye alikuwa na nyumba aliyoipaka rangi kwa mkono wake, na mbwa wanne wa kuvuta sleji za thelujini ambao hakuna mwenye nyumba wa mjini angewataka.

Wiki ya pili, Jumanne, msimamizi wa jengo alizima umeme wa ghorofa ya pili kwa dakika kumi kukagua fyuzi. Ukaguzi huo hufanyika kila mwaka siku hiyo na uko kwenye ratiba, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Lakini kompyuta iliyokatiwa umeme katikati ya kuhama ni kama mtu aliyefukuzwa bafuni na povu kichwani. Umeme uliporudi, tisa zilikuwa nyeusi tupu. Tatu zilipokea nywila kwa adabu, zikatafakari, kisha zikaiomba tena, na tena. Mbili zilionyesha kila kitu juu chini. Mkuu wa mipango miji aliigeuza skrini yake ikakaa kichwa chini na kuripoti kwamba tatizo limetatuliwa. Mkuu wa michezo alijaribu kwanza kukigeuza kiti.

Gunvor alipewa kibali cha maandishi cha kufunua mfuniko mmoja, Krister akisimamia. Aliwasha kompyuta huku akishikilia kitufe, ikatokea orodha, akachagua kiini cha zamani, moyo wa lile toleo la awali, ambacho mfumo huwa hauharakishi kukitupa. Skrini ikawaka. Akafungua dirisha la maandishi na kuiamuru mashine imalizie ilichokiachia njiani. Mistari ikaanza kushuka, ikashuka kwa furaha, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakuu wa idara walijaa mlangoni. Mmoja alishika mkono wa mwenzake. Ilipofika dakika ya nne mistari ikasimama.

Faili la mipangilio ya printa liliwahi kubadilishwa na mtu. Je, libaki la zamani, au liwekwe jipya?

"Mikono mezani," akasema Krister.

Kamati ilikutana kwa dharura na kubaini kwamba swali lililoulizwa mara ya pili haliwezi kuwa swali lilelile, kwani mazingira yamebadilika. Muhtasari wa wiki nzima ukawekwa kando na mikate ikajadiliwa upya. Kumi na tatu zilizobaki Gunvor alizifufua kwa njia ileile, Krister akifunua mfuniko na kuurudisha. Zote zikafika palepale na kuuliza kilekile.

Wakati huo ghorofa ya chini kazi iliendelea. Pale Ekorrsele, maombi ya wananchi hupokelewa na makarani chini, kisha hupanda juu ili mkuu ayasome na kuridhia. Ipo kanuni ya zamani kwamba mkuu asipojibu ndani ya siku tatu, uamuzi wa karani unasimama. Hakuna aliyewahi kuiona ikitumika, kwa sababu wakuu walikuwa wakijibu siku ya tatu saa za jioni, wakiomba maelezo zaidi. Sasa hawakuweza kujibu.

Alhamisi baraza likakutana. Mwenyekiti wake alikuwa Ragnhild Tjäder, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyekuja na viatu vya zizini kwa kuwa mkutano ulipangwa karibu mno na saa ya kukamua. Krister alitoa taarifa ya dakika arobaini. Alieleza changamoto za kimuundo, na hatimaye akamtaja Gunvor kwa jina, kwa masikitiko. Ragnhild akamgeukia Gunvor.

"Hebu niambie kwa kifupi, nina ng'ombe wananisubiri. Kimeharibika nini?"

"Hakuna kilichoharibika, mama mwenyekiti. Kuna swali halijajibiwa."

"Na bila hizo kompyuta za juu, kimesimama nini?"

Gunvor angeweza kusema mambo mengi ya kujitetea. Alitoa karatasi moja aliyoichapa asubuhi kutoka kwenye rejista ya maombi, akaisukuma mezani. Kibali cha kujenga baraza ya nyumba kilikuwa kikichukua siku arobaini na moja. Kwa siku kumi na moja hizi kilikuwa kikichukua siku nne. Sauna, tano. Banda la mbwa, siku tatu kamili. Lalamiko la wananchi lilikuwa moja tu, la mtu aliyepata kibali kabla hajanunua mbao.

Diwani mmoja akasema alikuwa ameona tofauti lakini alidhani ni kiangazi.

Krister hakubabaika. Alisimama akasema takwimu ni takwimu, ila jambo la msingi ni lile swali. Swali zito kama lile haliwezi kubebwa na kitengo cha mtu mmoja. Linahitaji timu imara, ya kudumu, yenye uzoefu wa swali lenyewe, isiyosumbuliwa na majukumu mengine yoyote. Mkononi alikuwa na jalada la wale washauri, tayari kuligawa.

"Umesema vizuri," akasema Ragnhild. "Na ni nani aliyekaa na swali hili muda mrefu kuliko wote?"

"Ni... Kamati, kwa sasa."

"Wote kumi na wanne?"

"Wote kumi na wanne."

"Basi washike hilo. Muda wote, bila majukumu mengine, kama ulivyoomba. Makarani waendelee kuamua. Na Gunvor aziwashe zile kompyuta, zinahitajika chini. Kuna asiyeridhika?"

Wakuu wa idara walitazamana. Mmoja alihisi koo linamwasha na akajizuia hadi machozi yakamtoka. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyevunja maridhiano mbele ya baraza. Krister alifungua mdomo, akaona watu wote wanamtazama, akaufunga.

"Limepita," akasema Ragnhild, akaenda kukamua.

Mchana huo Gunvor alikata selotepu kumi na nne na kujibu libaki la zamani mara kumi na nne. Ilimchukua chini ya dakika tano, pamoja na kupanga mifuniko. Kompyuta zilimalizia kuhama, zikazimika, zikawaka na toleo jipya. Sasa ziko kaunta ya chini, wananchi wanazitumia kujaza fomu. Gunvor bado ndiye kitengo kizima, na amepata mbwa wa tano. Börje anawakilisha Kamati katika mazungumzo kuhusu dirisha la chumba chao kipya lisilofunguka. Torvald anavua samaki kaskazini na hajibu barua. Ragnhild alichaguliwa tena. Krister ni Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Swali, ambayo hukutana kila siku ya kazi kwenye kituo cha zamani cha zimamoto, saa tatu na nusu na saa nane na nusu, na iko kwenye hatua nzuri.

Printa inayohusika na faili lile ilitupwa miaka sita iliyopita. Kamati haijaarifiwa, kwa sababu taarifa mpya ingeilazimu kuanza upya.