Kipima Pumzi na Harusi ya Corinne

Jumatatu, 4 Februari
Wamekifunga. Kidude cheusi chenye mrija, kinaning'inia chini ya usukani kama mtoto wa popo. Nipulize kwanza, ndipo gari liwake; kikinusa pombe, haliwaki. Ndivyo alivyoamua hakimu baada ya kunikuta na hatia ya kuendesha nikiwa nimelewa, mara ya pili. Leseni nimerudishiwa, lakini nusu: kazini, dukani, kanisani. Nimemuuliza fundi kama baa nayo ni duka, maana wanauza. Akaendelea kukaza skrubu.
Jumamosi binti yangu Corinne anaolewa. Ameniomba nimpeleke kanisani mimi mwenyewe. Ile mara ya pili alikuwa ameketi kando yangu tulipotumbukia mtaroni, kwa hiyo ombi hili si dogo.

Jumanne, 5 Februari
Gari limekataa. Asubuhi yote hii, sijagusa hata tone! Bia ilikuwa ya jana. Nikampigia fundi kumweleza kwamba jana imekwisha. Akasema damu haina kalenda. Sielewi. Nimekwenda kazini, kiwanda cha jibini, kwa miguu, theluji magotini. Nimekuta jibini zinakatwa bila mimi, na zinakatika vizuri tu.

Jumatano, 6 Februari
Akili ni mali. Dada yangu Ardis hanywi, Mlutheri wa kweli. Jana jioni nilimwomba anipulizie maputo, nikidai ni mapambo ya harusi. Alifurahi, maskini. Leo asubuhi nikalibana puto moja la rangi ya waridi kwenye mrija. Kumbe kidude kinataka mtu apulize huku akiguna. Puto haliguni. Likapasuka. Ndipo nikaona kijicho cha kamera juu ya dashibodi. Fundi anasema picha huenda mahakamani: mimi, mdomo wazi, kipande cha puto puani.
Kwa nini kamera? Nani anataka kuniona asubuhi?

Alhamisi, 7 Februari
Jirani Pagel. Aliacha pombe zamani na haoni haya kuwa na afya njema. Leo kanizolea theluji mlangoni bila kuombwa, ili nionekane mvivu. Kisha kamwambia Corinne kwamba gari lake litakuwa tayari Jumamosi, endapo. Endapo nini?
Corinne hakukasirika. Alisema tu, "Baba, saa nne. Likiwaka, napanda na wewe. Lisipowaka, napanda na Bwana Pagel, na wala hatutagombana."
Afadhali angegomba.

Ijumaa, 8 Februari
Samaki wa kukaanga baa, kama kila Ijumaa. Nimekwenda kwa miguu, nikanywa maji ya limau. Mwenye baa akaniuliza ni nani amefariki. Kipande cha samaki kimenitoroka kwenye uma mpaka sakafuni. Nimerudi nyumbani na kikohozi, na dawa ya kikohozi naiogopa, maana ina pombe ndani.

Jumamosi, 9 Februari
Limewaka! Nimepuliza, nimeguna, limewaka. Corinne kapanda na gauni lake lote. Katikati ya njia kidude kikalia, kinataka pumzi tena. Hakuna aliyeniambia kwamba huuliza tena. Au niliambiwa. Nikaegesha kando, nikapuliza. Taa ya kijani. Corinne alikuwa ameshikilia mpini wa mlango njia nzima. Hapo akauachia, akaweka mkono wake juu ya wangu.
"Asante, Baba," kasema.
Nikarudi barabarani, nikamfikisha kanisani.
Ukumbini nikainua glasi moja kwa ajili ya maharusi. Kisha moja kwa wakwe. Wakwe ni wengi. Corinne akaja taratibu, akaomba funguo zangu, akampa Pagel. Nimechanganyikiwa kabisa. Si aliiona taa ya kijani kwa macho yake?

Jumapili, 10 Februari
Nimewaza mchana kutwa. Hoja imenyooka: mtu aliyethibitisha kwamba anaweza kuacha, hana haja ya kuacha. Pagel hataki kurudisha funguo, eti mpaka Corinne aseme. Sawa. Bandani nina skuta ya theluji, ile ya injini inayoteleza juu ya theluji. Nimeikagua mbele na nyuma: haina mrija, haina kamera, haina hata tairi. Hakimu alisema gari. Imewaka papo hapo, bila kuniuliza chochote. Njia fupi ya baa inakatiza juu ya ziwa lililoganda. Ardis anasema tangu juzi barafu inalia, kama inayotaka kupasuka. Ardis huogopa kila kitu.