Pikipiki ya Theluji ya Baba Mkwe Wangu, Miaka Saba

Jumanne, 8 Aprili

Na bado nasema nyekundu. Leetia anasema rangi si hoja, hoja ni mtoto aweze kuiwasha mwenyewe na kuizima mwenyewe. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Lakini amebishana akiwa amenishika mkono! Siku kumi na tisa za ndoa. Mke wangu akinipinga nasikia raha kuliko nikikubaliwa na watu wote wa kijiji chetu cha Igloolik.

Hali ilivyo. Binti yake, Kautaq, ana miaka saba na anataka pikipiki ya theluji ya kwake. Jumamosi ya Pasaka ukoo mzima unakwenda ziwani kuvua samaki, na ametangaza mezani kwamba mwaka huu hapandi sleji ya kukokotwa. Anaendesha. Hakuomba. Alitangaza.

Ana haki ya kutangaza. Alipewa jina la marehemu baba yake Leetia, na kwetu anayerithi jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe. Leetia anamwita baba. Mama mkwe wangu, Therese, anamwita "mume wangu" na kumkatia minofu ya kwanza. Shemeji yangu Natalino, mwenye ndevu na miaka arobaini na mmoja, anamwita baba pia, na akikaripiwa naye hunywea. Kwa hiyo mimi nina baba mkwe wa darasa la pili, asiye na meno mawili ya mbele.

Linaloniuma ni hili. Kila mtu nyumbani ana neno la kuniita. Mama mkwe ananiita mkwe. Natalino ananiita shemeji, ingawa hulitamka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kautaq ananiita "Wewe". Karibu wiki tatu sasa! "Wewe, umekalia kofia yangu." Kweli nilikuwa nimeikalia. Lakini ningeikalia kwa furaha zaidi kama ningekuwa na jina la ukoo.

Natalino yuko bandani kwake kila siku, anafufua kipikipiki cheusi kilichopita mikononi mwa watoto watatu. Anadhani atanitangulia. Nitachagua mimi, nitaleta mimi, na Kautaq ataniita kitu. Chochote. Leetia kanibusu kwenye paji la uso na kusema nisijitese. Paji la uso linawaka mpaka sasa.

Jumatano, 9 Aprili

Mpango wa vipimo. Pikipiki ya mtoto lazima imwenee: kidole gumba kifikie kipini cha mafuta huku mkono umeshika usukani, nyayo zikae chini sawasawa, na mkono uwe na nguvu ya kuvuta kamba ya kuwashia. Yote haya nayajua. Si mjinga.

Kwa kuwa ni siri, nilimwambia Kautaq kwamba mama yake atamshonea glavu mpya za ngozi. Nikapima kidole gumba. Vizuri. Nikapima mkono. Vizuri. Nikapima mguu. Akauliza glavu hizo zinavaliwa wapi. Nikasema kuna na buti. Nikamwomba asimame kwenye mizani ya samaki. Akauliza buti zinapimwa kwa kilo? Nikamwambia akae kimya kidogo, jambo ambalo mtu hamwambii baba mkwe.

Nguvu ya mkono: nilifunga kamba kwenye kitasa cha mlango, nikamwambia avute. Akavuta. Kitasa kikatoka.

Mwisho nikamuuliza, kijuujuu tu, kama anapenda nyekundu. Akakunja pua. Kukunja pua ni hapana, kila mtu anajua. Lakini mtoto ana mafua, kwa hiyo nimeandika: haijulikani.

Jioni habari ilikuwa imefika kila mahali kwamba Wewe anapima watu. Natalino alikuja makusudi kuuliza kama ninafungua kiwanda cha nguo. Na sasa Leetia lazima ashone glavu na buti kabla ya Pasaka, maana baba yake ameahidiwa. Ameinamia ngozi tangu saa kumi, uzi mdomoni, nywele zimemwangukia shavuni. Sijawahi kuona mtu mzuri kama huyu akiwa amekasirika.

Ijumaa, 11 Aprili

Dukani hakuna. Pikipiki ndogo zilizokuja na meli ya kiangazi ziliisha siku ile ile, na meli nyingine ni Agosti. Imebaki kutafuta iliyokwisha kutumika, na hapa kitu kilichotumika hutafutwa kwenye redio.

Nilipiga simu redioni mchana. Nikabana pua, nikatoa sauti ya mzee. Nikasema mimi ni mpita njia ninayetafuta pikipiki ya theluji kwa ajili ya mtu fulani mfupi. Nikamaliza vizuri kabisa. Bernadette, mtangazaji, akasema hewani asante Enuki, msalimie Leetia, na pole kwa mafua.

Halafu akafungua simu kwa wasikilizaji!

Saa mbili nzima. Mzee Ulaajuk alikuwa wa kwanza. Akasema Kautaq amewinda naye miaka thelathini na hajawahi kugusa chombo chekundu, alisema kulungu humcheka mtu. Mama mmoja akakumbuka Kautaq akivuta sleji mbili zilizojaa nyama kutoka ukingo wa barafu, na theluji inampiga usoni naye anaimba. Mwingine akauliza mgongo wake siku hizi unaendeleaje. Hakuna hata mmoja aliyetaja mtoto. Walizungumza kama mzee ametoka tu kununua tumbaku na anarudi.

Kisha Ulaajuk akapiga tena na kusema neno lililonifungua macho: "Kautaq hakuwahi kupanda pikipiki fupi. Alisema fupi ni ya kwendea dukani."

Nikamtazama Kautaq. Alikuwa mezani, anatafuna mkate wa kukaanga, nyusi zimepanda juu. Ndiyo! Nyusi hazina mafua. Mama mkwe alikuwa ameweka sindano chini, anamsikiliza mume wake akisifiwa na kijiji kizima, na hakuichukua tena mpaka kipindi kilipokwisha.

Kumbe miaka yote watu wanakosea. Wanamchagulia mtoto pikipiki ya mtoto. Mimi nitamchagulia Kautaq pikipiki ya Kautaq.

Natalino alinifuata nje. "Shemeji, huyo ni baba yetu, sikatai. Lakini miguu ni ya darasa la pili."

Wivu mtupu. Nilimhurumia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata! Ndefu, pana, ya manjano na nyeusi, mkanda wake wa kukanyagia theluji una urefu wa mashua. Ilikuwa ya Ulaajuk mwenyewe. Inaweza kuvuta kanisa. Nimebadilishana naye kwa injini yangu ya boti ya nguvu za farasi arobaini. Nani anahitaji injini ya boti mwezi wa Aprili? Bahari imeganda, ni ya kutembea kwa miguu! Ulaajuk alinipa mkono, akaingia ndani, akatoka tena, akanipa mkono mara ya pili. Mzee mwenye upendo sana.

Kuiwasha kulinichukua mivuto kumi na mmoja. Bega limetoa sauti. Ni ishara ya injini yenye heshima.

Niliificha nyuma ya kanisa, nikaifunika turubai, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilisahau jambo moja. Chombo chenye mkanda wa upana ule huacha alama kwenye theluji, na alama zilitoka mlangoni kwa Ulaajuk zikaenda moja kwa moja hadi kwenye turubai. Watoto wa shule walizifuata kwa mstari kama bata. Kufikia chakula cha mchana ilikuwa siri ya watu elfu na zaidi.

Nilimweleza Leetia. Akauliza kama nimewahi kuikalia nikiwa nimekunja magoti hadi kimo cha miaka saba. Nikasema nimemchagulia baba yake, si kimo. Akaegemeza kichwa kifuani kwangu na kucheka mpaka vifungo vya shati langu vikatikisika. Mwanamke anayecheka juu ya moyo wako kihalisi! Nilisahau swali lilikuwa nini.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika bega likiwa limefungwa kitambaa. Niende taratibu.

Saa nane mchana niliivuta mbele ya nyumba na kuifunga utepe mwekundu. Ukoo wote nje, pamoja na nusu ya mtaa. Dakika ile ile Natalino akatoka bandani anasukuma kile kipikipiki chake cheusi, kimo cha mbwa, bila utepe. Nilikaribia kumpa pole.

Kautaq alikuja kwangu kwanza! Alikuwa amevaa glavu mpya, buti mpya na helmeti. Aliizunguka pikipiki. Akapiga mkanda teke. Akanusa mafuta. Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole kama mzee anayejua anachotafuta, na Ulaajuk pale pembeni akasema kwa sauti ndogo, ndiye huyo. Mama mkwe akashika shavu lake.

Akapanda. Nyayo zikabaki zinaning'inia hewani. Kidole gumba kikanyooka, kikanyooka tena, kipini cha mafuta kikabaki kule mbali. Akashuka, akashika kamba ya kuwashia kwa mikono miwili, akavuta. Kamba haikutoka. Aliyetoka ni yeye, miguu ikateleza akakaa kitako thelujini.

Nilisimama pale kama mtu aliyeleta nyangumi kwenye beseni. Nilitaka kumwinua lakini sikujua kama nina ruhusa. Wewe anaruhusiwa kumwinua nani?

Aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akaenda kwa Natalino. Nyayo zikatua sawasawa. Kidole gumba kikafika. Mvuto mmoja, wa pili, wa tatu, injini ikakohoa na kuwaka. Akajaribu uzi wa usalama: akaung'oa, injini ikazima, akaurudisha, akawasha tena. Natalino alikuwa ameweka skrubu chini ya kipini ili chombo kisikimbie kuliko mtu mzima anayetembea haraka. Sikuwahi kuifikiria skrubu. Nakiri.

Kautaq akalizunguka kanisa, mgongo umenyooka, na watu wakashangilia mpaka mbwa wakajibu. Leetia alinibana mkono. Sikuweza kumtazama.

Mtoto akarudi, akazima, akavua helmeti. Akaja akasimama mbele yangu. Akaitazama ile kubwa, akanitazama mimi.

"Hii nayo ni yangu," akasema. "Nzuri. Miguu yangu haijafika tu. Utaiendesha wewe mpaka ifike."

Natalino akaanza kucheka. Kautaq akamgeukia na kumwambia, mwanangu, nyamaza, watu wanazungumza. Natalino akanywea, ndevu na yote.

Kisha akanigeukia tena, mikono nyuma.

"Mkwe, barafu ya kuyeyusha kwa maji ya chai ya mke wangu imekwisha. Funga sleji."

Mkwe!

Nilifunga sleji. Nilivuta kamba mara kumi na nne, ndipo injini ikawaka na bega likaniacha. Nilikwenda ziwa la karibu kukata barafu na kurudi nikiendesha kwa mkono mmoja, na kama nililia, upepo ulikuwa wa mbele.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Safari ya Jumamosi ilikuwa tamu kuliko harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa tamu mno. Kautaq aliongoza kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Saa nne nzima kwa njia ya saa moja! Mimi nyuma yake na ile ndefu, navuta hema, jiko, mama mkwe, na Leetia amekaa nyuma yangu kanikumbatia kiunoni njia nzima. Naomba njia zote ziwe ndefu hivyo. Katikati ya safari pikipiki ya Natalino mwenyewe ilikatika mkanda wa injini, tukampakia kwenye sleji kati ya jiko na mama yake. Alisema, akitazama pembeni, kwamba chombo changu kina nguvu. Niliomba arudie. Hakurudia.

Tangu Alhamisi nimetumwa barafu mara sita, mafuta mara mbili, na mara moja kumtafuta paka ambaye si wetu. Mkwe hiki, mkwe kile! Leetia anasema baba yake ananionea. Sijui anaongelea nini.

Nimekaa nikatafakari yaliyotokea, kama mtu mzima anavyopaswa, na nimeona kosa langu lilikuwa moja tu: utepe haukupaswa kuwa mwekundu. Mengine yote yalikwenda kama nilivyopanga.

Kwa hiyo sasa ni boti. Barafu itaachia Julai, na baba mkwe hawezi kukaa ufukweni. Nimeshampigia Bernadette, kwa sauti ya mwanamke safari hii, na wasikilizaji wote wanakubaliana kwamba Kautaq alipenda boti ndefu. Boti nitaipata. Tatizo ni injini. Lakini nasikia Ulaajuk anayo moja safi kabisa, farasi arobaini, haijatumika sana, na mzee anaimezea mate bunduki yangu mpya. Kesho naenda kwake mapema kabla Natalino hajanusa.

Mama yangu amepiga simu kutoka kijiji cha Sanirajak. Anataka kumwona mke wangu na huyo mzee wa ukweni anayemsikia kwenye redio. Nimemuuliza Kautaq. Nyusi juu! Basi nimemwambia mama kwamba barafu bado ni nzuri, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwake, mimi na Leetia na baba mkwe. Ameuliza atandike vitanda vingapi. Nimemwambia kimoja kinatosha, mzee hulala katikati.