Taarifa ya Mradi wa Sare ya Watatu

Mheshimiwa Mlezi wa klabu ambaye tunaambiwa yuko njiani, Mheshimiwa Katibu, Mama Stella wa chai, mabingwa wastaafu, wanachama hai na ninyi mnaochungulia dirishani, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu.)

Ndugu zangu wa Pasua, nasimama kama Mwenyekiti wa Klabu ya Michezo ya Ubao Mtandaoni kutoa taarifa ya utekelezaji. Kama mnavyofahamu, himaya zilibaki tatu ubaoni: yangu kwa niaba yenu, ya Bi Kornelia wa Masama na ya Bwana Elisaria wa Njoro, na kanuni inasema wote watatu tukibonyeza kitufe cha sare, mchezo unaisha na Pasua inabaki kwenye ligi. (Sauti: "Ulibonyeza?") Nitafika huko.

Baada ya upembuzi yakinifu wa wiki sita, nilibuni mkakati shirikishi wa diplomasia ya kidijitali. Kwa kuwa kwetu anayeletewa jani la isale, ule mmea wa mipakani, hakatai suluhu, nilipiga picha isale la jirani yangu Gidioni, nikamtumia Bi Kornelia, nikiapa kwamba sitavuka mpaka wake na kwamba mkorofi ni Elisaria. Kisha, kwa matumizi bora ya rasilimali, picha ileile nikamtumia Elisaria, nikiapa kwamba mkorofi ni Kornelia. Ufanisi ulikuwa asilimia mia mbili. (Kicheko. Mwenyekiti anainamisha kichwa kushukuru.)

Changamoto ndogo ni kwamba Jumamosi wawili hao walikaa meza moja harusini, wakaonyeshana simu. Bi Kornelia akaniandikia, nanukuu: "Mwenyekiti, isale linaletwa kwa mkono. Hili hata kulichuma hukulichuma." (Miguno.) Iliniuma, sitaficha.

Kuhusu kitufe, wenzangu walibonyeza mapema. Mimi niliahirisha kwa maslahi mapana, maana ilibaki mikoa miwili tu nishinde peke yangu.

Pasua! (Kimya.) Suluhu kwanza! (Mtu anakohoa.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru Kornelia na Elisaria, ambao jana waliifuta himaya yetu ubaoni wakapeana sare ya wawili. Nawashukuru ninyi kwa kuuamini mradi ambao, kwa upande wangu, haukuwahi kuwepo. Na wewe jirani Gidioni, nakuona hapo nyuma: kesho asubuhi nitapita kuomba jani moja, la kuchuma kweli. Ni la kuwaletea wanachama hawa.