Daktari wa Samaki na Siku Zake Thelathini

"Moshi wa saluni yako ndio umeniulia samaki," Proscovia alikuwa akisema, mkono kiunoni, na kila mwenye nafasi ya kusimama pale Busia alikuwa ameshasimama.

Dorcas, jirani yake msusi, hakuweka chini hata kichana. "Umeleta samaki wageni kutoka Mombasa, ukawamwaga moja kwa moja kwenye tangi la wenyeji. Hata kuku wa sokoni, Prosi, unamfungia kando kwanza uone kama anakohoa. Sasa wenyeji wamekwisha, na hao wageni wawili wekundu wana vidoa kama wamenyunyiziwa chumvi."

Ng'ambo ya barabara, Ecweru aliacha chapati yake katikati. Bwana huyu alikuwa ameshakuwa fundi wa simu, wakala wa viwanja na, kwa wiki moja yenye baraka, mchungaji. Aliianza barabara akiwa mtu wa kawaida, akaimaliza akiwa daktari wa samaki.

Alitangaza kwamba jirani amesema kweli. Samaki wa bahari mgeni hukaa karantini siku thelathini, kwa tangi lake, wavu wake na dawa yake. Kwa bahati, kituo cha kazi hiyo anacho yeye, kule Tororo. Proscovia akakubali, maana wateja wa hoteli yake walikuja kutazama tangi lile la maji ya chumvi kabla hawajatazama bei ya pilau. Ila mpakani mali ya mtu haivuki bila kuacha kitu. Ecweru akaacha pikipiki yake rehani, roho kwatu. Moyoni alijua angeikomboa kwa samaki wowote wawili wekundu.

Wale wa vidoa aliwauza jioni ileile kwa Obore, mwenye baa Tororo, aliyekuwa na tangi lake la bahari. Vidoa, alimweleza, ndio urembo wa aina hiyo. Obore akawachanganya na samaki wake sita usiku huohuo. Kuhusu karantini Ecweru hakutia neno. Mahubiri hayo aliyaacha Busia.

Siku ya thelathini alirudi na ndoo. Ndani waliogelea nkejje wawili, samaki wadogo wa ziwani, wenye mikia myekundu, aliowapata kwa wavuvi wa Majanji. Proscovia aliinama juu ya ndoo kwa muda mrefu. Alizaliwa Majanji, na nkejje alianza kumla kabla hajajua kutembea.

Hakupaza sauti. Alishukuru, akaingia na ndoo jikoni. Mara mafuta yakasikika yakilia.

Ecweru akaitafuta pikipiki yake kwa macho. Ilikuwa imefungwa mnyororo mlangoni pa saluni, na Dorcas alikuwa ameikalia, akimsuka mteja. Alipogeuka aondoke, mlango wa hoteli ulikuwa umezibwa na Obore.

"Wangu sita walikufa kwa siku nne," Obore alisema taratibu. "Nikauliza nani mwingine huku mpakani ana tangi ya bahari. Nikaambiwa ni mama mmoja tu. Nikamfuata, naye akanitajia siku yako ya kurudi."

Proscovia akatoka na sahani: mlima wa ugali, na juu yake nkejje wawili, mikia bado myekundu kidogo.

"Pikipiki tunaiuza, mimi na mzee Obore, tulete samaki wengine Mombasa," alisema. "Watakaa kando mwezi mzima, vile ulivyotufundisha. Hatuna neno na wewe." Akamvutia kiti. "Nawa mikono, Daktari. Karibu ule."