Malalamiko Kuhusu Swali la "Umekunywa?"

Kwa Muuguzi Mkuu,
Dirisha la Dawa za Asubuhi.

YAH: KUOMBA MDOGO WANGU AACHISHWE DAWA YA KUMWACHISHA DAWA ZA KULEVYA

Mheshimiwa Muuguzi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana makosa yenu ni mengi. Mimi ni fundi cherehani, dada mkubwa wa yule mchora vibao mrefu mwenye rangi kwenye kucha, ambaye mtaa mzima unamwita Brashi. Alianza na pombe, akahamia kwenye unga, akakaa huko miaka tisa. Sasa ni mwezi wa saba anakunywa dawa yenu ya maji kila asubuhi mbele ya macho yako. Kwa heshima zote naomba mmwachishe, kwa sababu hizi:

1. Mmetuharibia lugha. Kwa miaka tisa swali la "Umekunywa?" lilikuwa la ugomvi. Mama akiliuliza, Brashi aliapa hajagusa kitu huku ameukumbatia ukuta usimkimbie. Siku hizi mama anamngoja mlangoni na kumuuliza lilelile, naye anajibu kwa sauti ya mnadani: "Nimekunywa, mama! Nimekunywa yote!" Mama anamshukuru Mungu kwa sauti kubwa zaidi. Kuta zetu ni nyembamba. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuja kutupa pole akatukuta tunacheka, na mpaka leo anatusalimia kwa mashaka.

2. Mama hawezi tena kuagiza unga. Siku moja alisahau, akamwambia, "Mwanangu, kimbia dukani uniletee unga." Nyumba nzima tulikauka. Brashi akauliza kwa upole, "Upi, mama?" Tulicheka hadi mbavu zikauma. Tangu hapo tunasema "ule wa kupikia," na muuza duka anatuona hatuna akili timamu.

3. Kibao changu. Brashi alikichora enzi zile mikono ikimtetemeka, akaandika FUNDI CHEREANI, herufi zote zikiteremka kuelekea mtaroni. Wateja walielekezana hivyo: pale kwenye maandishi yanayoanguka. Mwezi uliopita amekichora upya bila kuniuliza. Herufi zimenyooka, ile H imerudi, na wateja wangu wa zamani wanapita mlangoni wakinitafuta.

4. Anakumbuka mambo. Zamani kila kilichovunjika alikivunja yeye, na huo ulikuwa utaratibu mzuri sana wa familia. Wiki iliyopita, akiwa anamenya viazi, akasema taratibu kwamba siku redio ya mama ilipoanguka yeye hakuwepo. Ikabidi nikiri. Nina umri wa miaka arobaini na sita, na mama alininunia siku mbili.

5. Hili ndilo kubwa. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuja Jumapili akasema mmembadilishia tu dawa kwa dawa, na kwamba mwanamume wa kweli anaacha kwa kukaza roho. Aliyasema hayo akimeza kidonge chake cha presha, anachokimeza mwaka wa kumi na moja huu. Brashi alitazama mikono yake tu. Niliumia sana, lakini Mjomba ni mkubwa wetu, nikaamua kulifuata neno lake hadi mwisho. Nikamwomba naye aiache presha kwa kukaza roho. Akasema ya kwake ni tofauti, ya kwake ni ugonjwa. Basi nikaanza mimi. Jumatatu nilivua miwani, nikakaza roho, nikashona. Kufika saa nne nilikuwa nimeunga mkono wa koti kwenye mfuko. Koti lilikuwa la Mjomba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba haki itendeke kwa wote. Mwachisheni Brashi dawa yake siku ileile mtakapomwachisha Mjomba vidonge na mimi miwani. Tusimame sote watatu barabarani, tumekaza roho, tuone nani atafika nyumbani.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule dereva mnayempa kidonge cha kumkata hamu ya pombe. Brashi anasema anaimba vibaya kwenye foleni lakini amenenepa, na tumefurahi.

Ni mimi, nisiyechoka kulalamika,
Dada yake Brashi

Tanbihi: Anayekukabidhi barua hii ni Brashi mwenyewe. Daftari lako litakuonyesha kwamba juzi na jana hakuja. Maneno ya Mjomba yalimwingia, na jana jasho lilikuwa linamtiririka, mikono inatetemeka kama zamani. Nilimbembeleza, mama akalia, hakutoka. Leo nimemwambia naandika barua rasmi ya kuomba aachishwe, na kwamba sheria inataka ailete mwenyewe. Hiyo ndiyo njia pekee iliyomfikisha dirishani kwako, na ndiyo sababu bahasha nimeishona kwa cherehani asije akaisoma njiani. Tafadhali usimwache aondoke. Zungumza naye, kisha mpe kikombe chake. Mama ameshasimama mlangoni, anangoja kuuliza.