Muhuri Kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Barua imefika kutoka chuoni Kitui. Mhadhiri Mwandamizi, Falsafa ya Maadili na Sheria: nafasi moja. Waombaji wawili, mimi na Ngure. Ngure! Mtu wa mantiki, mtu wa kuchora miduara ubaoni na kuiita kazi. Mahojiano ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili.

Safari hii si mchezo. Nimekaa cheo kimoja miaka kumi na moja. Nimeshaomba kupandishwa mara mbili, nikaanguka mara mbili. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nikianguka tena, chuo kitanishukuru kwa utumishi wangu, nami nitabaki hapa nyumbani Wote nikimsaidia Nduku, mke wangu, kusahihisha madaftari ya watoto wa shule ya msingi. Naogopa. Basi, nimeandika.

Lakini nina silaha. Nina shahada ya uzamifu. Nina makala manne. Nina ile sura yangu, "Wajibu Bila Sahihi", kuhusu mwethya: kwa nini wanakijiji hutoka kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga pamoja, bila askari wala hakimu, na kwa nini asiyefika amekosa kimaadili hata akiwa na udhuru. Imesomwa mpaka Uholanzi.

Kuna jambo moja jipya chini ya barua. Kila mwombaji alete ushahidi wa huduma kwa jamii. Barua yenye muhuri.

Nduku akasema hilo ni jepesi, kwani si tumo kwenye mwethya wa kijiji? Alituandikisha mwenyewe miaka minne iliyopita. Nikasema kweli, ilikuwa imenitoka akilini. Alicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Jumanne, 2 Septemba

Nimempigia Nzilani. Ndiye mwenyekiti wa mwethya, ni fundi cherehani sokoni, ni mama wa kanisa, na ana daftari. Hilo daftari ndilo tatizo.

Akasema barua ataandika kwa moyo mmoja. Ataandika yaliyomo kwenye daftari. Nikauliza, kwa kupita tu, yaliyomo ni yapi. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Zilifunuliwa kwa muda mrefu. Akasema nimefika mara moja. Siku hiyo niliomba kusema machache kuhusu msingi wa wajibu, nikasema dakika hamsini, watu wakakalia majembe yao, na bwawa halikuongezeka hata jiwe.

Nikamkumbusha kwamba Nduku hufika kila mara. Akasema yeye huandika mtu, haandiki nyumba. Kazi ni Jumatano na Jumamosi, saa moja asubuhi, nije na jembe.

Kesho ni Jumatano. Mgongo wangu si wa Jumatano. Nimefikiri, nimepata. Sheria yote ya uwakala inasema afanyacho mjumbe wangu nimekifanya mimi. Nitamtuma Kiema, jirani yangu wa boda boda. Yeye atanibebea mawe, mimi nitamwandikia maoni ya kisheria kuhusu mpaka wa shamba anaogombania na kaka yake. Amekubali kabla sijamaliza kueleza.

Alhamisi, 4 Septemba

Maoni ya kisheria: kurasa nne, tanbihi kumi na moja. Kazi safi.

Kiema naye alifanya kazi safi. Alichimba kuanzia saa moja hadi saa saba, kila mtu anamsifu. Majina yalipoitwa, akaitika lake. Kumbe ni mwanachama! Kumbe alikuwa na deni la siku tatu kwenye daftari, na jana Nzilani amemfutia moja! Alikuja mwenyewe jioni kunishukuru kwa kumsukuma. Akasema nikitaka kumtuma tena nisione haya.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeenda mwenyewe. Gambuti mpya, kofia, jembe la baba mkwe. Kiema kaja na simu yangu kupiga picha. Mpango: picha mbili za jasho, zibandikwe kwenye faili, jopo litaona kwa macho yake.

Nafika kijitoni, namwona nani? Ngure! Shati limelowa, karai la mchanga begani, anaimba wimbo wa Kikamba kwa lafudhi ya Nyeri, na kina mama wanamwitikia! Mkewe, Syokau, ni wa ng'ambo ya pili ya kijito, na wote hapa wanamwita shemeji. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka juzi, kila Jumamosi. Alisema kama anayetaja siku za kuoga. Ana barua yake ya huduma tangu Julai.

Nilichagua jiwe kubwa. Lilikuwa la Ngure, ameshalifikisha pale, nikaliinua tu kwa ajili ya picha. Kiema akasema jua linampinga, nigeuke. Nikageuka. Jiwe halikugeuka nami. Kidole gumba cha mguu wa kulia sasa kina rangi ya bilinganya.

Nimeliona daftari wakati Nduku ananishika mkono kunitoa. Jina langu. Kufika: saa tatu kasorobo. Kuondoka: saa tatu na dakika tano. Kazi aliyofanya: picha.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimefanya jambo. Naandika polepole ili niwe wa haki kwangu mwenyewe.

Nilichechemea hadi sokoni na suruali yangu ya kijivu ipunguzwe kwa ajili ya mahojiano. Nzilani huweka muhuri ndani ya kopo la vifungo kando ya cherehani. Nilikuwa na karatasi tupu katikati ya gazeti. Miwani niliiacha nyumbani. Nikivaa miwani watu huja kuniuliza mambo. Nikasema uzi wa kijivu alionao si kijivu hasa. Ni mtu wa kazi yake, akaondoka kutafuta uzi kwa jirani. Nikatia mkono koponi, vifungo vikalia, nikapiga muhuri, nikaufunika na gazeti. Moyo ulinidunda mpaka kwenye kidole.

Sasa, je, ni uongo? Uongo ni kauli. Karatasi tupu haikiri wala haisemi. Kwa hiyo karatasi tupu yenye muhuri si uongo. Baadaye nikaijaza kauli, ndiyo, lakini muhuri ulikuwa umeshapigwa, kwa hiyo muhuri haukushuhudia kauli yoyote. Hapa kuna makala.

Niliandika kwamba Daktari Musembi "ameshiriki kikamilifu". Kikamilifu inaweza kutetewa. Zile dakika ishirini nilikuwepo mwili mzima. Muhuri umetoka na ukungu, nusu ya maneno yamefifia, lakini duara ni duara.

Nduku aliuliza barua nimepewa lini. Nikasema leo, na mapema nikaenda kulala.

Jumanne, 9 Septemba

Kitui na kurudi. Barua nimemkabidhi Ndinda, katibu wa kitivo. Akaitoa kwenye bahasha, akautazama muhuri, akairudisha haraka bila kusoma. Akaweka mkono kifuani. Akaniambia pole sana, Daktari. Nikafikiri ananionea huruma kwa sababu ya Ngure, nikamjibu nitavumilia. Machozi yakamlenga. Mtu mwema.

Akauliza kama Alhamisi nitakuwa nyumbani. Nikasema nitakuwepo. Akauliza njia. Nikamwelekeza vizuri, mpaka kwenye lango la kijani.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Saa tano asubuhi, gari la chuo langoni. Wakashuka watu tisa wakiimba. Wimbo wa msiba! Mbele ni Profesa Wangui, mkuu wa kitivo na mwenyekiti wa jopo la kesho. Nyuma Ndinda na unga, sukari, majani ya chai. Ngure naye, na sufuria kubwa kichwani kwa Syokau. Wakaketi. Wakaomba. Profesa aliiombea roho ya marehemu kwa dakika kumi bila kutaja jina, maana hakuna aliyelijua, mimi nikiwemo. Nikasema amina. Ningesema nini?

Kumbe Nzilani ana mihuri miwili koponi. Mmoja wa mwethya, mmoja wa chama cha kufariji waliofiwa, ambacho pia ni mwenyekiti wake. Nilichopeleka Kitui kilikuwa na muhuri wa msiba. Ndinda aliuona, akaelewa nimefiwa, hakusoma neno jingine.

Nduku alitoka jikoni akauliza kuna nini. Nikasema kwa sauti ya chini, ni shangazi wa Malili. Mzee sana, miaka themanini na nne. Nduku akasema, mbele ya wote, kwamba shangazi amempigia simu asubuhi hii kuulizia pojo.

Hapo ndipo Nzilani aliingia. Alikuwa amesikia kwamba kuna msiba katika eneo lake na hajaambiwa. Akasalimia kila mtu. Akaniangalia.

"Daktari, nani amekufa?"

Watu tisa wakanigeukia. Kuku akapita. Nikasema hakuna.

Ndinda akatoa ile barua mkobani ajitetee. Nzilani akaomba kuiona. Akaisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye "kikamilifu". Pale kidole kilisimama. Niliona Desemba. Nilijiona na kalamu nyekundu na madaftari ya watoto, maisha yangu yote. Sijawahi kuogopa hivyo, hata nilipokuwa nikitetea tasnifu.

Akaikunja, akaitia kwenye pindo la leso yake, akamgeukia Profesa.

"Hii karatasi ilitoka kwangu kabla sijaandika. Yangu nitaandika leo. Kesho atakuja nayo."

Profesa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kila neno kweli! Miaka kumi na moja nafundisha maadili na sijatunga sentensi kama ile. Wageni wakanywa chai, wakacheka, wakafurahi kwamba shangazi mzima. Unga na sukari Nzilani alibeba kwa uji wa mwethya. Aliponipita langoni alikaza fundo la leso, akaenda zake. Nilitamani aseme.

Nduku amesema mengi. Siyaandiki.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimebeba barua ya Nzilani bila kuifungua. Sikuthubutu. Profesa Wangui aliisoma kwa sauti mbele ya jopo. Naikumbuka yote:

"Daktari Musembi amefika mwethya mara mbili. Mara ya kwanza alisema badala ya kuchimba. Mara ya pili alipigwa picha akaumia. Lakini ile siku ya kusema kwake, shemeji yetu Ngure alikuwa ameleta bibi yake tu, anataka kurudi. Akamsikia, akazima gari, akashika jembe. Hajaliacha mpaka leo. Mimi Nzilani, mwenyekiti." Na muhuri. Ule wa sawa.

Kisha Profesa akauliza kama ni kweli. Nikasema kweli tupu, yote. Maneno yalitoka mepesi ajabu, sijui kwa nini. Wakacheka, lakini si kwa ubaya.

Ndinda ananiambia Ngure naye aliulizwa. Alisema siku ile alinisikia nikieleza kwa nini asiyefika amekosa hata akiwa na udhuru, akaona haya, kwa sababu yeye alikuwa na udhuru mzuri kabisa. Sikujua. Miaka miwili nimemchukia mtu ambaye ndiye msomaji wangu wa pekee aliyeniamini. Na yule wa Uholanzi.

Jumanne, 16 Septemba

Matokeo. Ngure amepata nafasi. Apate, ana mabega.

Na mimi? Mkataba mpya, miaka mitatu! Jopo limesema nadharia iliyomwinua mtu wa mantiki kubeba mawe ni huduma kwa jamii. Nimesoma barua nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesoma tena. Nimefarijika. Nduku alilia, mimi nikakata vitunguu kwa makusudi ili tuwe wawili. Jioni nilimpelekea Nzilani kilo mbili za sukari na nikamwomba radhi. Akapokea vyote viwili. Kopo la vifungo limehamia juu ya kabati.

Kuna zaidi. Kwa ushuhuda wangu wa uaminifu mbele ya jopo, Profesa Wangui ameniteua mwenyekiti wa Kamati ya Uadilifu ya chuo. Hotuba ya kwanza ni Jumatatu ijayo.

Ijumaa, 19 Septemba

Kichwa cha hotuba nimepata: "Kufika Mwenyewe". Itagusa watu. Nitaonyesha kwamba kuna wajibu usioweza kutumiwa mjumbe, na kwamba mwili wa mtu ndio sahihi yake.

Inahitaji utulivu na siku nzima ya kuandika. Jumapili ni ya kanisa, kwa hiyo siku pekee iliyobaki ni kesho, na kesho ni mwethya. Lakini Nzilani amesafiri Malili kwa harusi ya mpwa wake, na daftari litashikwa na Ngure. Mtu wa mantiki: akisikia jina na sauti, ameridhika.

Nimeongea na Kiema. Amekubali kuitika mara mbili, mara ya pili kwa sauti nzito.