Chuma cha Baba Griffin

Jumatatu, 3 Agosti
Mchungaji ametangaza. Jumamosi ya wiki ijayo, wanaume wa Shianda watavuta kamba na wanaume wa Bukura. Swali ni moja tu: nani atasimama mwisho wa kamba, pale pa mwenye nguvu zaidi? Mimi, bila shaka. Ajabu ni kwamba wengine wanamtaja Onesmus! Onesmus, jirani yangu, mfuga nguruwe. Baba yake ndiye aliyemroga marehemu baba yangu mpaka tumbo likavimba na ngozi ikabadilika rangi. Tunasalimiana kwa sababu ya kanisa tu.

Nimekunywa dawa ya kuongeza damu, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kama kawaida yangu tangu mwaka juzi. Leo nimeongeza cha mchana. Ina madini ya chuma. Chuma ni damu, na damu ni nguvu.

Jumanne, 4 Agosti
Vidole vinauma. Nimepalilia miwa kidogo tu, nikakaa chini. Uchovu mtupu! Damu haijatosha. Nimeongeza vijiko, kisha nikameza vidonge alivyobakisha binti yetu Maurine alipokuwa mjamzito. Mama Griffin amenikuta mdomo umejaa. Amesema, "Baba Griffin, wewe husikiangi mtu!" Kesho ananipeleka hospitali mjini. Nimekubali upesi. Onesmus atajua mtu mwenye damu ni nani.

Alhamisi, 6 Agosti
Majibu yametoka. Daktari Jeruto, binti mdogo kuliko Griffin wetu, amesema sina upungufu wowote. Nina chuma kupita kiasi. Kupita kiasi! Nimemwomba aje atangaze kanisani.

Hakucheka. Amesema mwili una mlinzi kwenye utumbo. Akiba ya chuma ikitosha, ini hutuma habari na mlango hufungwa. Kwangu mlango haufungiki vizuri, nami kila siku nimekuwa nikimimina. Tena chuma kikishaingia hakina njia ya kutokea, isipokuwa mtu atokwe na damu. Hujilimbikiza kwenye ini, kwenye moyo, kwenye viungo. Uchovu wangu ndio huo, na vidole pia.

Akauliza baba alikufaje. Nikamweleza tumbo na ngozi. Nikaongeza kwamba alirogwa, na nikamtaja aliyemroga. Akasema kwa upole kwamba huenda ulikuwa ugonjwa huu huu, kwa maana hurithiwa. Griffin na Maurine nao wapimwe. Mama Griffin akaanza kulia. Mimi nikaogopa. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo naandika: niliogopa sana.

Ijumaa, 7 Agosti
Dawa yenyewe ni kutolewa damu! Mfuko mzima, na nitarudi tena na tena. Daktari Jeruto amesema mwili utatengeneza damu mpya kwa kuchota chuma kilichojazana ndani, na hivyo ghala litapungua. Amenipiga marufuku dawa zote za damu. Nimeapa mbele ya Mama Griffin. Chupa ameimwaga chooni. Jioni mwili ulikuwa mwepesi, roho nayo imetulia. Nimeamua kuwa mtu mpya.

Jumapili, 9 Agosti
Mama Griffin amesema mtu mpya huanza kwa jirani. Kwa hiyo baada ya ibada nikaenda kwa Onesmus, nikamwambia kwamba baba yake hakumroga baba yangu. Akasema hilo walikuwa wanalijua. Kisha akanikaribisha chai.

Chai nzuri, maziwa mengi. Akaniambia nipone kwanza, kamba atashika yeye. Alisema kwa roho safi kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Akanyanyua gunia la chakula cha nguruwe kwa mkono mmoja, huku anaongea! Nikajiuliza anapata wapi nguvu hizo. Ndipo nikaiona. Dirishani, karibu na sukari, chupa ya dawa ya damu. Ina picha ya mtoto wa nguruwe. Mbona iko karibu na sukari, na nguruwe wako nje? Nikamaliza chai, nikaaga kwa heshima.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimefikiri usiku kucha, kwa utulivu. Mfuko mzima wa damu umetoka. Daktari mwenyewe alisema damu mpya hutengenezwa kwa chuma. Na dawa alizokataza ni za watu. Za nguruwe hakuzitaja hata moja.

Nimemwambia Mama Griffin naenda kununua mbolea. Nimeingia agroveti, duka lenye dawa za mifugo, nikaomba chupa ile yenye picha, ile kubwa. Muuzaji akauliza nina watoto wa nguruwe wangapi. Nikamwambia ni mmoja, ila amekua.